Ndiyo Thelathini na Moja

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa za Mama Ehee mtadhani ni shangazi yangu namfanyia kampeni. Nilikuwa na miezi minne tu kazini, afisa ustawi wa jamii niliyemaliza chuo nikiwa wa kwanza darasani, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli kweli. Fomu ya tathmini niliijua bila kuitazama. Maswali thelathini na moja, kurasa sita, visanduku vya kutia alama upande wa kulia. Wenzangu waliijaza kwa siku mbili. Mimi niliimaliza kwa dakika arobaini, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Jalada lenyewe lilikuwa la msichana wa miaka saba aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo alilelewa na mjomba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi kwa kuwa ndiyo kazi yake, kufua na kupiga pasi nguo za watu chumbani kwake. Mwalimu wa darasa ndiye aliyetuandikia barua. Mtoto ana kovu la moto mkononi, lenye umbo la ncha ya pasi, na anasinzia darasani karibu kila siku. Tafadhali ofisi ifuatilie.

Nikafuatilia. Nilimwita Dobi ofisini, akaja na shati lililonyooka kuliko yote niliyowahi kuyaona katika jengo lile, la mkurugenzi likiwamo. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono magotini, macho kwenye karatasi zangu. Nikamwamkia, akaitikia, nikafungua fomu.

"Huwa unamwacha mtoto peke yake?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Huwa anaamka kabla hakujapambazuka?"

"Ndiyo."

"Kovu la mkononi, ulimchoma wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Alijibu bila hata kupepesa macho. Damu ilinichemka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilipomtazama yule mtu ameketi pale kwa adabu zake zote, akikubali kumchoma mtoto yatima kama anavyokubali chai, nilitamani kumrushia fomu usoni. Sikumrushia. Nilifanya kitu kibaya zaidi, niliandika. Mlezi amekiri. Pendekezo: mtoto aondolewe kwa mlezi na apelekwe makao ya watoto.

Yaliyobaki niliyafanya mbio mbio. Nyumbani kwake nilikaa dakika kumi na orodha yangu mkononi, nikatia alama za dirisha, maji, choo, usafi. Mtoto nilimhoji shuleni, ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu akiwa amekaa pale pale akisahihisha madaftari. Kidoti aliniambia kitu kimoja tu, kwamba mjomba wake hukohoa usiku. Nikakiandika kwenye sehemu ya afya. Mlezi anakohoa, apimwe kifua kikuu. Nilijiona makini sana.

Kikao cha ulinzi wa watoto kilikuwa Ijumaa saa nne. Kikiridhia pendekezo langu, Kidoti angechukuliwa siku hiyo hiyo, moja kwa moja kutoka shuleni. Kilichobaki ni saini ya msimamizi wangu, na msimamizi wangu alikuwa Mama Ehee.

Jina hilo walimpa wateja. Akiwa anamsikiliza mtu hakuwa na maneno mengi, alikuwa na hilo moja tu, "ehee", alilolisema taratibu, kichwa kimeinama kidogo, na mtu akajikuta anaendelea kusema mambo ambayo hakupanga kuyasema. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Kalamu yake ilikaa ndani ya mkoba, na miezi ile minne sikuwahi kuiona ikitoka mbele ya mteja hata mara moja. Mimi niliona ni uzembe wa mtu aliyechoka. Jamani, ujana.

Jumatano asubuhi alisoma jalada langu akiwa amesimama dirishani. Alilisoma lote. Kisha akaliweka mezani na kuniita.

"Umezihesabu?"

"Nimehesabu nini, mama?"

"Ndiyo zake."

Sikumwelewa. Akanigeuzia fomu, nikaanza kuhesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Maswali thelathini na moja, ndiyo thelathini na moja. Hapakuwa na hapana hata moja. Hapakuwa na labda.

"Swali la kumi na tisa," akasema, "mtoto analala peke yake. Ndiyo. La ishirini na nne, mtoto analala chumba kimoja na mtu mzima. Ndiyo. La ishirini na sita, mtoto anakula mara tatu kila siku. Ndiyo. La ishirini na saba, kuna siku mtoto analala na njaa. Ndiyo. Mwanangu, huyu mtu ulimhoji au ulikuwa unamgongea muhuri?"

Uso ulinishuka, lakini mdomo wangu haukushuka. Nikamwambia kwamba mimi sikumlazimisha, kwamba maswali ni ya fomu, fomu ni ya wizara, na yule mtu amekiri kwa kinywa chake.

"Inawezekana kamchoma," akasema Mama Ehee. "Sijasema hajamchoma. Nasema hatujui, na wewe umeandika kama unajua. Na hii chaki ni ya nini?"

"Chaki gani?"

Akanionyesha. Kwenye sehemu ya usafi nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: sakafu imechorwachorwa chaki, usafi wa wastani. Nilikuwa nimeisahau. Nikamwambia ni michoro ya mtoto tu.

"Uliuliza?"

Sikuuliza. Akauchukua mkoba wake, akanipa mwavuli wake nimbebee, tukatoka.

Dobi aliishi kwenye safu ya vyumba sita vilivyotazamana na ua wenye kamba nyingi za nguo. Tulifika saa tisa, Kidoti akiwa ametoka shule, anasuuza soksi zake kwenye beseni. Alipotuona alisimama wima, akasema shikamoo mbili, moja kwa kila mmoja, kisha akajificha nusu nyuma ya shuka lililoanikwa. Dobi alitoka mlangoni akijifuta mikono. Aliponiona mimi na mkoba wangu wa mafaili, alibadilika. Mabega yaliingia ndani na mikono ikashuka ubavuni. Nilikuwa nimeshamwona hivyo ofisini nikadhani ndivyo alivyo. Sikujua kwamba ni mimi.

"Baba, hujambo," akasema Mama Ehee. "Mimi ni bosi wa huyu. Nimekuja kwa habari ya mtoto, nawe unaijua, kwa hiyo sitaizunguka. Naomba kwanza nizungumze na mwenye nyumba mwenzako, huyu aliye nyuma ya shuka. Tutakuwa hapa hapa, mlango wazi, wewe utatuona ila hutatusikia."

Dobi akasema ndiyo. Mama Ehee akanigeukia na kuninong'oneza kwamba kazi yangu leo ni moja, kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa pale kando ya mlango na kuufunga mdomo. "Na swali lolote linaloweza kujibiwa kwa ndiyo," akaongeza, "ulirudishe mfukoni."

Hakumuuliza mtoto habari ya kovu. Alimwambia tu, "Nitembeze kwako, mimi mgeni." Kidoti akamtazama kutoka viatu mpaka kilemba, akaamua anafaa. Wakaingia chumbani. Kilikuwa chumba kimoja kikubwa kiasi, meza ya kupigia pasi kwenye kona ya kulia, pasi ya mkaa juu ya kigae, marundo mawili ya nguo, kitanda kikubwa na kidogo. Na sakafuni palikuwa na mstari wa chaki, mweupe, umenyooka, umetoka ukutani mpaka ukutani na kuikata ile kona ya meza.

Mama Ehee alikanyaga mbele hatua moja.

"Umevuka," akasema Kidoti.

"Nimevuka nini?"

"Upande ule ni wa moto. Upande huu ni wangu. Pasi ikiwa na mkaa mtu havuki. Hata mjomba akitaka kunipa kitu anakuja mpaka hapa, anasimama, ananipa." Akasimama kwenye mstari, vidole vya miguu vikiugusa, akaonyesha jinsi anavyopokea. "Ukifutika, mimi ndiye nauchora."

"Ehee," akasema Mama Ehee, huku akirudisha mguu wake haraka kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Basi yule mtoto, ambaye mbele ya mwalimu mkuu aliniachia sentensi moja, alifunguka. Alieleza kwamba zamani mstari haukuwepo. Kwamba siku moja alikuwa amekaa chini ya meza na daftari lake, akasimama ghafla, mkono ukaenda kwenye pasi. Kwamba mjomba aliiachia pasi pale pale ili amshike yeye, pasi ikaangukia shati la mtu na kulitoboa mgongoni. Kisha akakimbilia kitandani, akachomoa shati jeupe chini ya mto. Lilikuwa kubwa kumpita mara tatu, na mgongoni lilikuwa na tundu la kahawia lenye umbo lile lile la ncha ya pasi. "Ndilo nalalia," akasema. "Mjomba alimshonea mwenye shati jingine."

Mimi kwenye ndoo yangu nilianza kuona joto masikioni. Siku ya zile dakika kumi nilikuwa nimesimama katika chumba hiki. Nilikuwa nimeukanyaga ule mstari kwa viatu vyangu na kuuandika kuwa uchafu.

Mama Ehee hakumkumbatia mtoto wala hakumsifu. Alimshukuru kwa kumtembeza, akamwomba akamalizie soksi zake, akamwita Dobi. Dobi akasimama katikati ya chumba, mikono ubavuni, anasubiri. Mama Ehee akatazama dari la mabati, akasema kwa sauti ya mazungumzo tu:

"Na huku juu kuna ghorofa mbili nyingine, siyo?"

"Ndiyo, mama," akasema Dobi.

Mtu yule alikuwa amesimama chini ya mabati ya chumba chake mwenyewe, akaniambia, maana niliona ni mimi hasa niliyekuwa naambiwa, kwamba juu kuna ghorofa mbili. Ukurasa wangu wa tano, ule wenye neno amekiri, ulikuwa na uzito sawa na ghorofa hizo.

"Nisamehe, baba," akasema Mama Ehee. "Nimekuuliza vibaya makusudi, nilitaka kujua kitu. Si adabu, sitarudia. Una nguo za watu zinakusubiri. Tafadhali endelea na kazi, mimi nitazungumza na mgongo wako."

Dobi alimtazama kwa muda. Nadhani hakuwahi kuombwa radhi na mtu wa ofisi. Kisha akavuka mstari, akapuliza mkaa, akatandaza gauni la bluu juu ya meza na kuanza kupiga pasi. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Mabega yakalegea kidogo kidogo, mgongo ukanyooka, na nikaona mtu tofauti kabisa na yule aliyekaa kwenye ukingo wa kiti changu.

Mama Ehee aliketi kitandani, upande wa Kidoti wa chaki. Alisubiri mpaka mkono mmoja wa gauni umalizike. Ule ukimya mimi ungenishinda, ningeujaza na swali la kumi na mbili. Yeye aliukalia tu kama kiti.

"Nipeleke jana," akasema. "Anzia ulipofungua macho."

"Jana ilikuwa kawaida tu, mama."

"Ehee."

"Niliamka saa kumi na moja kasoro. Si mimi niliyejiamsha." Akageuza gauni. "Huwa naamshwa na kiganja."

"Ehee."

Akaeleza huku akipiga pasi. Mama yake Kidoti alifia usingizini. Mtoto ndiye aliyeamka asubuhi na kumkuta. Tangu aje kwa mjomba, kila alfajiri anaamka, anashuka kitandani, anakuja kuweka kiganja chini ya pua ya mjomba aone kama bado anapumua. Akishaona, usingizi umeshakwisha. Anakaa macho mpaka saa ya shule. Mwanzoni Dobi alijaribu kumwambia asiamke, akaona anaamka zaidi.

"Sasa nimepata njia," akasema. "Nikisikia kitanda chake kimelia, nakohoa. Nakohoa mara mbili tu. Akisikia nimekohoa, anajua nipo, anarudi kulala. Siku nyingine analala mpaka saa kumi na mbili kamili. Juzi alilala. Jana hakulala, mimi nilichelewa kusikia."

Niliinamisha uso. Apimwe kifua kikuu. Niliandika hivyo, tena nikapigia mstari.

Mama Ehee aliuliza mambo mengine, yote ya namna ile ile, nionyeshe, nipeleke, kisha ikawaje. Alimwuliza siku ya kovu ilikuwaje, Dobi akasimulia, na katikati, bila kuulizwa, akataja shati jeupe lililotobolewa mgongoni. Mama Ehee hakunitazama, lakini nilijua amelisikia kama nilivyolisikia mimi. Watu wawili, wamehojiwa kila mmoja peke yake, wametaja shati moja ambalo hakuna aliyewauliza. Chuoni tulifundishwa hilo kwa wiki mbili na nikapata alama tisini na sita.

Msidhani alimpamba. Alimwambia wazi kwamba mkaa ndani ya chumba anacholala mtoto ni hatari, chaki au hakuna chaki, moshi hausomi mstari. Alitaka kujua pasi itahamia wapi. Dobi akataja kibaraza cha nyuma, akatoka naye kumwonyesha, wakakipima kwa hatua. Alimuuliza nani hukaa na mtoto yeye akipeleka nguo, na jibu halikumridhisha, akamwambia halijamridhisha, wakakaa nalo mpaka likapatikana la jirani wa chumba cha tatu. Alikuwa mkali, ila ukali wake ulikuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani yake. Nilimpenda pale pale, nikamwonea wivu, na nikajichukia, yote kwa mara moja.

Tulipokuwa tunaaga ndipo alipouliza lile ambalo mimi ningeliuliza kwanza. "Huyu binti yangu alikuuliza mambo mengi ofisini, ukamjibu yote ndiyo. Nieleze ilikuwaje."

Dobi aliweka pasi juu ya kigae. Alinitazama kidogo tu, kisha akamtazama yeye.

"Mimi nimekulia makaoni, mama. Nilipelekwa nikiwa na miaka sita. Walikuwa wanakuja watu na karatasi, wanatuita mmoja mmoja. Unapenda kukaa hapa? Unakula vizuri? Tulikuwa wawili tunalala kitanda kimoja, mimi na mwenzangu. Yeye siku moja akajibu hapana. Kesho yake asubuhi nikaamka, godoro lake limekunjwa. Kahamishwa. Sijamwona tena mpaka leo." Akachukua tena pasi, akaipuliza. "Mtu akiwa na karatasi, mdomo wangu unasema ndiyo kabla mimi sijasikia ameuliza nini."

"Ehee," akasema Mama Ehee.

Na makaoni ndiko nilikokuwa nampeleka Kidoti. Huko huko.

Njiani nilimwomba Mama Ehee yeye ndiye aandike ripoti mpya na yeye aende kikaoni. Alikataa kata kata. Jalada ni la aliyelifungua, akasema, na kosa pia. Nikaandika. Mara ya kwanza niliandika kwa lugha yangu ya chuo, akanirudishia. Mara ya pili niliandika maneno ya Dobi kama alivyoyasema na maneno ya Kidoti kama alivyoyasema, pamoja na yale yaliyobaki kuwa hatari, mkaa na moshi, na tarehe ya kuyaondoa. Akasaini bila neno.

Ijumaa saa nne tuliketi watu saba kuzunguka meza ndefu. Dobi alikaa mwisho wa meza, kwenye ukingo wa kiti, mikono magotini. Mwenyekiti alikuwa daktari wa watoto aliyestaafu, mzee mpole, mwenye haraka, na mbele yake kulikuwa na majalada tisa. Nilisimama nikasoma. Nilisema kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa yangu na haifai, na nikaeleza kwa nini, chaki, kikohozi na ghorofa. Kuna mjumbe aliyecheka nilipotaja ghorofa, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza. Mama Ehee alikaa kwenye benchi la nyuma, mkoba mapajani, hakunisaidia hata kwa jicho.

Mwenyekiti alivua miwani. Alikuwa amesikia, naamini alikuwa amesikia, lakini mazoea yana nguvu, na alikuwa na majalada tisa. Akamgeukia Dobi akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Ndugu yangu, unaona kwamba kwa sasa, kwa muda tu, mtoto angekuwa salama zaidi makaoni?"

Niliuona mdomo wa Dobi ukifunguka. Niliyaona mabega yakiingia ndani. Lilikuwa linakuja, la thelathini na mbili, na lingeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na Kidoti angefuatwa shuleni kabla ya mapumziko.

"Mwenyekiti," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "naomba hilo swali lirudi mfukoni."

Chumba kizima kikanigeukia. Mwenyekiti alinyanyua nyusi. Nikamwomba radhi, nikamwomba ruhusa niulize mimi kwa niaba yake, naye, kwa mshangao zaidi kuliko kwa ridhaa, akapunga mkono. Nikaziweka karatasi zangu zote chini ya kiti. Nikamsogelea Dobi, nikachuchumaa ili asinitazame juu.

"Baba, kesho alfajiri Kidoti akishuka kitandani, kutatokea nini?"

Alinitazama. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyokisubiri kile, na mle ndani mtu mmoja alianza kugonga kalamu mezani, na sikujaza ule ukimya.

"Nitakohoa," akasema Dobi.

Mwenyekiti akaweka miwani mezani. "Endelea," akasema, safari hii bila haraka. Dobi akaendelea. Aliongea dakika kumi, akionyesha kwa mikono jinsi kibaraza kitakavyozibwa upande wa upepo, na mwenyekiti hakutazama saa.

Walikubaliana kwamba Kidoti abaki kwa mjomba wake. Pasi na mkaa vihame ndani ya wiki mbili, na mimi nitembelee kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Dobi aliambiwa mara mbili kabla hajainuka kitini.

Nilimkuta kwenye korido, amesimama karibu na mlango wa kutokea, anaikunja barua ya kikao kwa mikunjo iliyonyooka kabisa. Mama Ehee alikuwa ameketi kwenye benchi lililoegemea ukuta, anatafuta kitu mkobani. Moyo wangu ulikuwa umejaa na nilitaka kuutua. Nikamwambia Dobi kwamba nilimkosea, kwamba nilikaribia kumfanyia mtoto wake kile walichomfanyia yeye na mwenzake. Kisha nikauliza:

"Umenisamehe, baba?"

Neno lilipotoka tu nikajua nimelikoroga. Kati ya maswali yote niliyopata kuuliza, hilo ndilo nililotaka jibu lake kuliko yote, na nimemuuliza kwa namna ya kupata ndiyo. Angeisema, ningeondoka nayo, na nisingejua maisha yangu yote kama ni ya kweli au ni ya ghorofa.

Mdomo wake ulifunguka. Ukafumba. Akaiweka barua kwenye mfuko wa shati, akapapasa mfuko ukae sawa, na safari hii akanitazama machoni.

"Hapana," akasema. "Bado."

Ilinichoma, sikatai. Na papo hapo nilitaka kucheka kwa furaha, maana mtu huyu alikuwa amemwambia mtu wa ofisi hapana, mtoto wake bado ni wake, na dunia haijaanguka. Nyuma yangu Mama Ehee aliacha kupekua mkoba. Nilikuwa na maneno ya kujitetea, mengi tu, yamejipanga mdomoni. Nikayameza yote, nikaketi kwenye benchi, nikamwachia nafasi kando yangu.

"Ehee," nikasema.

Dobi akaketi, akaanza kunieleza.